Chupa ya Maji Meusi

Kwa dada yangu mpenzi Kinuyo,

Salamu nyingi kutoka huku Shima. Goti lako limepata nafuu? Shemeji je, anakula vizuri? Sisi tu wazima, kwa rehema za Buddha.

Unajua mkamwana wetu Mizuho ana mimba ya miezi mitano, na kliniki walimwambia damu yake ni pungufu. Basi jioni nikawa nampikia mwani wetu wa hijiki, kwa karoti na mchuzi wa soya, kama marehemu mama mkwe alivyonipikia mimi. Bakuli lilirudi tupu, nami nikafurahi.

Juzi nikafungua jokofu, nikakuta chupa ya maji meusi. Ni yale tunayolowekea hijiki. Dada, nilishtuka. Sumu ya mwani ule hutoka na kubaki katika maji hayo. Ndiyo maana tunaloweka, tunachemsha, na maji yote tunamwaga. Nikadhani mtoto wa mjini huyu anayanywa ili aongeze damu, na mjukuu wangu anayanywa pamoja naye.

Nikamvuta hadi kwa mkunga, Bi. Hamaguchi, nikisali njia nzima. Huko Mizuho akasema maji ni ya kumwagilia maua yake, aliona hasara kuyamwaga. Na hijiki yenyewe? Akainama. "Mama, nisamehe. Harufu yake inanichefua. Baba ndiye anayemaliza bakuli langu."

Mkunga alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Kumbe mwenye mimba ni mzee wako! Mlete tumpime." Kisha akatusikilizisha moyo wa mtoto, unakwenda mbio kweli. Akasema mjamzito aiache hijiki mpaka ajifungue, na mume wangu Tetsuji naye apunguze. Damu tuitafute kwenye samaki na mboga. Alisema madini mengi ya chuma ya kuongeza damu katika hijiki ya zamani yalitoka kwenye masufuria meusi ya chuma ya kuchemshia, ambayo tulishayaacha.

Njiani nikamwambia Mizuho jambo ambalo hata wewe hulijui: mimi nami sijawahi kuipenda hijiki. Niliila kwa sababu mama mkwe alikuwa akinitazama. Tulicheka hadi tukakaa chini kando ya barabara.

Jana nilipika samaki na spinachi. Hijiki nikaweka kibakuli kimoja tu, kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya marehemu mama mkwe. Ubani haujaisha kuwaka, Tetsuji akaja kuniuliza kama mama yake ameshashiba.

Msalimie shemeji, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Mdogo wako,
Sadae