Kazi ya Lifti

4 Machi

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Unakula? Mimi mzima, ila magoti, nayo tumeshazoeana. Anayeniandikia ni jirani, fundi cherehani, ananiambia nisikimbie, mkono wake umezoea nguo.

Mjomba wako kaja hapa, chai ikapoa mbele yake. Anasema umeacha kumwendesha tajiri, gari linalong'aa mpaka unajiona meno, umeingia kazi ya lifti kwa nusu mshahara. Nikamwambia hata hiyo nusu ni bahati, maana lifti niijuayo mimi mtu anapandishwa njiani bure, anashukuru, basi. Babu yako na baiskeli yake alimpakia kila mtu, tukabaki na shukrani na matairi yaliyokwisha. Kumbe umerithi.

Tajiri bado hajampa mtu ufunguo, anangoja mwisho wa mwezi. Nimjibu nini mjomba wako?

Mkeo wa kwanza,
Bibi


13 Machi

Shikamoo Bibi,

Nami mzima, nakula. Vipi magoti?

Lifti yenyewe si hiyo. Ni chumba kidogo ndani ya jengo refu, kinapandisha watu ghorofani kwa kamba za chuma. Najifunza kuzitengeneza. Kwa sasa nabeba spana na kufuta grisi, fundi wangu ananiita Tambara.

Kwa tajiri, Bibi, hata nikiota mvi nitakuwa namfungulia mlango. Huku nikipasi mtihani, nami ni fundi. Lakini dawa yako ilitoka kwenye ule mshahara. Ukisema nirudi, narudi.

Mjukuu wako


20 Machi

Mume wangu,

Salama huku. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mtaa mzima nilishautangazia kuwa unatoa lifti, na mama muuza mkaa kaulizia utapita lini. Fundi cherehani kanichorea hicho chumba kwa chaki kwenye suruali ya mteja, sasa tuna kesi.

Nimemwita mjomba wako, nikamwambia: "Ufunguo apewe mwingine. Huyu anapanda." Kasema magoti yatanijutisha. Nikamwambia magoti ni yangu, na maji ya moto ya kukandia hayauzwi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, baba, basi inama. Ila usije ukaninyamazia eti huna cha kutuma.

Bibi


2 Februari

Mume wangu,

Tumefika nyumbani salama, mimi na mjomba wako. Nakusimulia ingawa ulikuwepo, maana fundi cherehani hakuwepo, naye anataka kusikia.

Uliponyamaza tangu mvua za vuli nikajua kuna jambo, ndiyo maana nikaja huko kwako bila kubisha hodi. Kumbe mtihani umekuangusha. Na viatu ulivyovisukumia chini ya kitanda niliviona, soli inacheka. Kuanguka mtihani si kuanguka ghorofani. Urudie.

Fundi wako kanivuta pembeni, kasema kamba za lifti ile uliyotupeleka kupanda umezifunga wewe, yeye alisimama tu akitazama. Mjomba wako kasikia, ndipo akagoma kuingia humo, akapanda ngazi na kiburi chake. Tulimngoja juu, kafika anahema.

Lakini mlango ulipojifunga, mwanangu, nilishika shati lako kwa mikono miwili. Ukaniuliza, "Bibi, unashukia wapi?"

Nikakwambia, "Juu kabisa, mume wangu. Ila sina nauli."

Mkeo wa kwanza,
Bibi