Kiti kwa Kiti Matangani

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimesoma habari za asubuhi. Maikrofoni inakwaruza tena, chai ya redio imepoa. Mvua. Nimempelekea mkurugenzi wazo langu la kipindi: kila alfajiri tuwapigie simu madereva na mama wa soko wa barabara za Kpandroma na Marabo, watuambie njia ikoje kabla watu hawajapanda gari. Amelipenda. Lakini hatamlazimisha mtu kuamka mapema kwa ajili yangu. Timu ikubali Ijumaa, la sivyo nafasi atapewa mchungaji anayelipa. Simjui huyo mchungaji na tayari namchukia.

Jumanne, 7 Oktoba
Kushawishi watu ni kazi ya punda. Mtangazaji wa michezo amejifanya anaongea na simu. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa, nimeiona. Ukumu, fundi wa mitambo, hakuja. Bila yeye hakuna kinachoenda hewani. Jioni ujumbe: mama yake Ukumu amefariki. Maskini.

Jumatano, 8 Oktoba
Matangani kwa Ukumu, mtaa wa Nyakasanza. Turubai, viti vya plastiki, wafanyakazi wote wa redio wapo. Nimetoa mchango wangu. Kisha nikaona bahati: wote mahali pamoja, hakuna pa kukimbilia. Nikahama kiti kwa kiti. Nikawaeleza kwa sauti ya chini jinsi watu wanavyoteseka njiani kwa kukosa habari. Wote wameitikia kwa kichwa. Hata Ukumu, macho chini, amesema sawa. Nimerudi na furaha. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mkurugenzi ameuliza nani anaunga mkono. Hakuna. Mkono wangu ulikuwa juu peke yake, nikaushusha polepole kama mtu aliyetaka kujikuna. Ameniachia mpaka Jumatatu, kwa huruma nadhani.

Nje, Mama Jeanne, katibu wetu na rafiki yangu, amenishika mkono.

"Weye ulikuya kulia ao kutafuta batu ba kipindi yako? Mama ya Ukumu alikufia mu njia. Balikuwa banamuleta ku hôpital, gari ikakwama ku daraja yenye ilivunjika na mvua. Hakuna mutu aliwaambia. Na weye unakuya kumufundisha mateso ya njia."

Sikuuliza. Saa zote zile chini ya turubai, sikuuliza mama alikufa namna gani. Hata mpita njia huuliza. Nimejifungia chooni. Mtu gani mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Chakula hakipiti. Bado namwona akisema sawa.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa nimeenda kwa Ukumu. Bila karatasi yoyote ya kipindi. Nimeosha sufuria na akina mama, kisha nimekaa mkekani na kuuliza. Amenisimulia yote, tangu homa ilipoanza kule Kpandroma mpaka darajani. Nimelia. Nimeomba msamaha. Watoto wanacheza uani.

Nilipoaga, akauliza kile kipindi kingeanza saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili.

"Mama alipanda gari saa kumi na moja," akasema. "Funguo ya studio iko na miye."

Nimefika nyumbani. Kwenye karatasi ya kipindi nimefuta saa kumi na mbili, nimeandika saa kumi alfajiri.