Mpagazi Aliyepewa Jina

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Barua yako imetukuta wazima hapa Cheyo, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeniuliza shujaa wangu wa kwanza wa sinema alikuwa nani. Enzi za Waingereza, nikiwa msichana, baba alinipeleka ukumbini alasiri moja. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo hadi pwani. Kwenye picha, Mzungu alimpiga simba risasi, watu wakashangilia. Nyuma ya Mzungu walifuata wapagazi, mmoja akiwa mbele na mzigo kichwani.

Baba akasimama, akamwuliza mkalimani aliyekuwa akitueleza picha, "Huyo mwenye mzigo anaitwa nani?"

Watu wakamcheka. Mkalimani hakucheka. "Mzee, hawakumpa jina. Wewe unaitwa nani?"

"Maganga."

"Basi huyo ni Maganga!" Tangu hapo akatusimulia habari za mpagazi yule tu. "Maganga anavuka mto! Mzigo haujalowa!" Ukumbi mzima ukampigia Maganga makofi.

Kabla ya siku ile baba hakuwahi kunisimulia safari zake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaanza, na yote niliyowasimulia ninyi nilianza kuyasikia njiani pale. Namshukuru mkalimani yule mpaka leo.

Bibi yako akupendaye.