Nililala Zamu Yangu

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na wapwa zangu hamjambo, na kwamba goti lako limepunguza visa vyake. Sisi tupo. Nasema tupo huku nimepigwa na butwaa, na tangu juzi halijanitoka.

Wifi yako amefanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usisome roho ikiwa juu.

Unajua nilivyopanga maombi. Ualimu hauniachi hata baada ya kustaafu: niliwagawia zamu wazee wenzangu wa kanisa, wewe, na jirani yetu fundi cherehani, nikawaonya kwamba isipite dakika bila mtu kuomba. Fundi akaniuliza kama Mungu naye nimempangia zamu yake. Sikucheka. Zamu ya upasuaji wenyewe niliichukua mimi kwa sababu, nikueleze ukweli, sikumwamini mwingine. Niliona nikinyamaza tu, mke wangu ananiponyoka.

Basi nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, nimefunga kula, nikaanza kuomba. Nilichokuja kusikia ni muuguzi akinitikisa bega, akisema mzee amka, umekoroma kama jenereta mpaka wagonjwa wamelalamika, na mama ameshatoka. Nililala tangu mlango ulipofungwa hadi ulipofunguliwa! Mimi, niliyefundisha darasa la ubatizo miaka yote hiyo kwamba neema ni kipawa, hakuna anayeifanyia kibarua. Wanafunzi walielewa. Mwalimu ndiye aliyebaki nyuma.

Nilipoingia wodini nilimweleza wifi yako yote. Alicheka mpaka akashika mshono, akasema kama ningekuwa mlinzi wa benki tungekuwa jela sote wawili. Kisha akatulia, akaniambia jambo ambalo mpaka sasa linanifanya nisimame ghafla katikati ya chumba. Alisema walipokuwa wakimsukuma kuingia ndani hakuomba kupona, kwani hilo alikuwa ameshamwachia Mungu, la kuishi na la kufa. Aliomba kitu kimoja tu: yule mzee wake pale kwenye benchi apate usingizi.

Dada, ombi lililojibiwa mbele ya macho yangu ni hilo, na mimi nilikuwa nikiliona ni dhambi yangu.

Majibu ya uvimbe hayajatoka. Daktari hakutuficha, yanaweza kuwa mabaya. Naogopa, lakini zamu nimezivunja. Omba ukijisikia kuomba, na ukichoka lala. Mke wangu yuko mikononi mwa asiyesinzia, na siye mimi.

Wifi yako anakusalimu sana, anasema usije mbio. Msalimie shemeji, wakumbatie wanao kwa niaba yangu. Barua naifungia hapa, maana macho yameanza kuwa mazito, na leo nayaruhusu.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa