Kofia ya Manjano ya Lucien

Sudbury, 9 Novemba

Dada yangu Mireille,

Kwa muda mrefu nimejiuliza kama maandishi mazuri yanaweza kutoka katika tendo chafu. Huku theluji imeanza, nami sijambo, ila tangu Jumanne nimekuwa nikiiahirisha barua hii.

Darasani tunasomeana insha, na sheria ni kusifu mara mbili kabla ya kukosoa. Nilipewa ya Tamsin, mwanafunzi mwenzangu, kuhusu nafsi zetu za mtandaoni. Anaeleza alivyojifanya Hazel, msichana mwenye saratani, na amenukuu barua alizoandikiwa na watu asiowajua. Nikaandika pembeni: "Ushahidi wako unagusa moyo." Ukurasa uliofuata nikakutana na mama aliyemzika mwanawe Lucien akiwa amevaa kofia yake ya manjano.

Dada, huyo Hazel unayemwandikia kila Jumapili hakuwahi kuwepo.

"Mbona umekunja uso, shoga?" Tamsin akaniuliza. "Jina la huyo mama si nimelifuta?"

"Na la mtoto?"

"Bila hilo nani angelia? Wapweke hawa, ukiwakoholea kidogo tu wanakumwagia roho yote."

Nimemtaka aiondoe barua yako na akuombe radhi.

Sifa zangu, hata hivyo, sikuzifuta. Sijui kama niliziacha kwa haki au kwa aibu, kwa sababu kabla sijafika kwa Lucien nilikuwa nimesoma huzuni za mama wengine, nikalia, na nikaona raha.

Mdogo wako,
Odette