Konokono wa Tabaka la Tatu

Riruta,
Jumapili, 16 Juni 1957

Kaka yangu mpendwa Isaiah,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Philister na watoto. Je, kikohozi cha mama kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili tu. Baridi ya huku imekaza, na chumba chetu kimekuwa kikubwa mno tangu ulipofukuzwa kazi ukarudi nyumbani.

Kule Ngara, kwenye jumba la makumbusho, bado naosha magamba ya konokono yaliyogeuka mawe. Jirani yetu Peres angali ananicheka, eti nalipwa kuogesha konokono waliokufa kabla ya Adamu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba wale wakubwa laini waliishi msituni penye unyevu, na wale wadogo wenye mistari walipenda nyasi kavu, hivyo mtu akiwahesabu tabaka kwa tabaka la udongo atajua mvua za zamani zilikuwaje.

Juma lililopita Bwana, mkubwa wetu wa kazi, alinipa meza yako. Sasa karatasi za kubandika kwenye mikebe ya magamba naziandika mimi, kwa kalamu yako. Siku hiyohiyo nikapata barua ya dada Milcah. Anasema kanisani wamekukataza kusoma Neno, kwa kuwa ulifukuzwa kazi kwa kosa la uongo. Nililia, kaka, sikuficha.

Uongo ule ni wangu. Siku ulipompeleka shemeji hospitali niliangusha sinia, na mikebe mitatu ikamwagika. Kwa woga nikawapanga kama ulivyonifundisha: wa msituni nikawatia mkebe wa tabaka la kwanza, wa nyasi mkebe wa tabaka la tatu. Nilidhani natengeneza. Sikujua kwamba kule kuchanganyika kwao ndiko kulikokuwa habari yenyewe. Bwana alipochimba tena akawakuta wote pamoja katika tabaka la tatu, alitazama mwandiko wako kwenye mikebe, akasema umebuni. Nilikuwa nimesimama pale na brashi mkononi. Nikanyamaza.

Kesho nakusudia kumwambia Bwana ukweli. Lakini naijua roho yangu, huenda nikafika mlangoni nikageuka. Kwa hiyo nimeandika hapa chini jina langu lote, kama lilivyo kazini. Mpe mzee wa kanisa aisome barua hii mbele ya watu, kisha umpelekee Bwana.

Nisalimie wote. Mama umwambie wewe, mimi sitaweza.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Were Sifuna, mwosha magamba