Mama Anadhani Ni Simu

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Daktari kamwamuru Mama atembee nusu saa kila asubuhi, basi tunazunguka uwanja wa shule, yeye kavaa raba zangu za zamani. Ili asinung'unike, namwekea masikioni vile vitabu unavyosoma na kurekodiwa huko studio. Sauti nzuri unayo, hilo sikunyimi. Ila tangu kumbukumbu ianze kumtoka, Mama anadhani ni simu. Anadhani unampigia kila siku. Anakujibu, anacheka, anakuuliza kama umekula.

Ndiyo maana Jumapili, ulipokumbuka kupiga baada ya miaka miwili, alinirudishia simu akasema, "Mwambie huyu mtu, mimi na mwanangu tulishaongea asubuhi." Usijisumbue tena.

Kwenye sura ya sita ya kitabu kimojawapo, yule binti anasema, "Nisamehe, mama." Mama alisimama katikati ya njia, akalia, akasema, "Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Rudi nyumbani."

Siku hizi tukimaliza sura ya tano, naruka hadi ya saba.

Ni mimi dada yako, ninayemshika mkono.